Nguchiro na Kelele za Karakana ya Kiboko

Hapo zamani za kale, enzi ambazo viboko walivaa msuli na kushika nyundo, wanyama wote wa kandoni mwa ziwa walikuwa na mashua. Msinicheke. Nyati alikuwa nayo, Ngiri alikuwa nayo, hata Nguchiro, yule mdogo mwenye pua ndefu na macho yasiyotulia, alikuwa na mashua yake ya mbao aliyoachiwa na marehemu mama yake.

Basi kiangazi kikifika ziwa linarudi nyuma, samaki wanakwenda kilindini, na mashua zinavutwa mchangani. Zinakaa huko miezi mitatu, jua linazichoma tu. Mvua zikirudi, kila mmoja anasukuma yake majini. Na kila mwaka ni yale yale.

"Inavuja! Jamani, inavuja!"

"Hata yangu!"

"Mwiteni Kiboko!"

Maana fundi wa mashua alikuwa mmoja tu, huyo Kiboko. Karakana yake ilizungushiwa ua wa matete, ua mrefu hata twiga kijana asingechungulia. Naye alikuwa na masharti mawili. Sharti la kwanza: mashua ikivuja, itoe majini upesi, uianike juani siku mbili, ndipo umpelekee. La pili: ndani ya ua haingii mtu.

"Dawa yangu ikionwa inaharibika," alikuwa akisema.

Mashua ikishaingia, mlango unafungwa, na walio nje wanasikia tu: ko! ko! ko! Siku tatu nzima, ko! ko! ko! Siku ya nne mashua inatoka, haivuji hata tone.

Na malipo yake, wajukuu zangu, yalikuwa shamba. Si fungu la mchicha wala viazi viwili. Shamba! Anaingia na lile tumbo lake, anakula majani, anakula mizizi, anabakisha udongo.

"Fundi anateseka bwana," Nyati alikuwa akimtetea. "Siku tatu mkono haupumziki! Mimi mambo ya ufundi siyawezi. Acha ale."

Mwaka mmoja mvua ziliporudi, Nguchiro alikuwa ndiyo kwanza ameishusha mashua yake, maji yamemfika magotini, akamwona ndege Mnandi anatua juu ya jiwe la karibu.

"Hodi, Mama Nyamizi!"

"Karibu, Mnandi. Mbona unahema hivyo?"

"Natoka kisiwani kwa mwanao. Tumbo limeshuka. Mkunga anasema siku saba, zikizidi sana nane. Nyamizi anasema, mwambie mama asije akakosa."

Nguchiro akashika kifua. Kwao mtoto wa kwanza hupokelewa na mikono ya bibi yake mzaa mama. Mikono mingine ikitangulia, mzazi hujiona kama yatima. Na huko kisiwani hakufikiki kwa miguu.

Mashua nayo ilikuwa inavuja pande zote. Akaivuta vivyo hivyo, hata kuianika hakungoja, akaenda mbio kwa Kiboko.

"Hodi, fundi!"

Kiboko akatoa kichwa peke yake mlangoni. Akaitazama mashua, akaigonga kwa ukucha. "Mh." Akaigonga tena. "Mh, mh, mh."

"Mbona unaguna, fundi? Inakufa?"

"Imeshakufa, mama. Hii ni ya kufufua. Shamba lako la viazi usilivune, nitakuja mwenyewe niondoke nalo tumboni."

"Lote?"

"Na matuta yake."

"Haya. Utaimaliza lini?"

"Ya Nyati ndiyo imeingia leo. Halafu Ngiri. Halafu Punda Milia, yeye na shemeji yake. Wewe njoo mwezi ukiwa mpevu."

"Fundi! Mwanangu anajifungua siku saba hizi!"

"Mwambie asubiri."

Lo! Mwambie asubiri! Dume hilo, limezaa lini?

Nguchiro akameza hasira. Lakini swali hakulimeza. Huyu mama, swali likimwingia ni kama funza kidoleni, halali mpaka alitoe.

"Hivi, fundi, hiyo nyundo unapiga misumari?"

"Napiga dawa."

"Dawa inapigwa nyundo?"

"Yangu inapigwa."

"Unaipigia ndani ya mashua au nje?"

"Mama Nyamizi! Unanihoji kama unakuja kuniposa!" Bwam! Mlango ukafungwa.

Nguchiro akakaa pale pale, akainamisha sikio. Ko! ko! ko! Akaenda kwenye mashua yake mwenyewe, akaokota jiwe, akagonga mbao. Karibu na ubavu ikalia ko. Katikati ikalia bwo. Juu ya msumari ikalia ti.

"Ajabu," akasema. "Yangu ina sauti tatu. Ya Nyati ina moja tu. Fundi gani nyundo yake haihami?"

Kesho yake, jua la utosini, wenzake wakiwa wamelala vivulini, akauzunguka ule ua mpaka nyuma. Nguchiro na kuchimba ni ndugu. Kwaru, kwaru, kwaru, akapenyeza pua chini ya matete. Akapenyeza jicho moja.

Mmekaa sawa? Basi sikieni alichokiona.

Kiboko alikuwa amelala ndani ya dimbwi, macho ameyafumba, anasinzia. Mkono mmoja uko nje ya maji, umeshika nyundo. Na nyundo inapiga kinu! Kinu kikuukuu, kitupu, kimefudikizwa. Ko! ko! ko!

Na mashua ya Nyati? Imezamishwa kando yake, imejazwa mawe isielee. Haiguswi, haipakwi kitu. Mapovu tu yanatoka kwenye mbao: bwi, bwi, bwi.

"Inafanya nini mle?" Nguchiro akajiuliza. Akajivuta taratibu, akanyoosha mkono majini, akapapasa. Asubuhi ya jana, mashua hiyo ikiwa bado haijaingizwa uani, alikuwa ameziona nyufa zake, ukucha wa Nguchiro ungepita bila kugusa huku wala huku. Sasa alipojaribu, hata sharubu haikupita.

Akatazama mapovu.

"Ala! Inakunywa! Mbao zilikauka juani zikasinyaa, na sasa zinakunywa, zinavimba, zinabanana zenyewe. Kumbe ilikuwa na kiu! Na sisi inavuja tunaikimbiza tena juani!"

Akarudi kinyumenyume, akafukia shimo, akaenda zake.

Jioni hiyo akaisukuma mashua ya mama yake majini, kwenye kijighuba kidogo mbele ya nyumba yake. Akaijaza mawe. Chubwi! Ikazama mpaka mdomoni. Nyati akapita, akashika pembe.

"Mama Nyamizi! Unaizamisha mashua ya marehemu?"

"Naiogesha."

"Fundi kasema tuanike!"

"Basi wewe anika, jirani. Mimi naogesha."

Nyati akatikisa kichwa, akaenda zake akisema uchungu wa mwana umempanda mama wa watu kichwani.

Siku mbili zikapita. Nguchiro akatoa mawe, akachota maji, akaanza kupapasa ufa mmoja mmoja. Umejifunga. Umejifunga. Huu nao umejifunga. Alipofika nyuma, chini kabisa, maji yakamrukia usoni: chwii!

Tundu. Dudu alikuwa ametoboa mbao, kidole kinapita. Hiyo haikuwa kiu, hicho kilikuwa kidonda, na hata ingekaa majini mwaka mzima lisingejifunga. Tundu la namna hiyo hutaka pamba iliyolowekwa mafuta ya samaki, isokotwe, ishindiliwe mpaka ibane. Na pamba na mafuta ya kuzibia matundu ya kweli yalikuwa kwa mmoja tu. Kwa nani? Mnamjua.

Akakaa juu ya ukingo wa mashua, akahesabu vidole. Siku zimebaki tatu. Akimwomba Kiboko, jibu ni mwezi mpevu. Akavuta sharubu, akazivuta tena. Kisha akacheka peke yake, kwi kwi kwi.

Asubuhi akaivuta mashua mpaka ukingoni mwa ziwa, akakata matete, akazungusha ua kuanzia ukutani kwa nyumba mpaka kwenye mawe ya ziwani. Akatoa kinu chake jikoni, akakifudikiza, akaokota jiwe.

Ko! ko! ko!

Kule dimbwini Kiboko akafumbua jicho moja. Nyundo yake imesimama, mbona mlio unaendelea? Akatikisa masikio. Ko! ko! ko! Akatoka, akamkuta Nyati njiani.

"Nani huyo anapiga?"

"Mama Nyamizi. Naye amefungua karakana."

"Ebo!"

Akaja na mbio zake, ardhi inalia ndi! ndi! ndi! Wenzake wakaona mbio za Kiboko si za kawaida, wakamfuata: Ngiri na wanawe, Punda Milia na shemeji yake, ikawa umati.

"Hodi humu!"

"Nina kazi, fundi."

"Unapiga nini?"

"Napiga dawa."

"Dawa gani?"

"Mh! Ikionwa inaharibika."

Sasa hapa ndipo pananishangaza mimi mpaka leo. Kote ziwani hakuna aliyejua kama Kiboko kwamba mlio ule ni wa kinu. Alikuwa anatakiwa acheke, arudi kulala. Lakini alisimama pale, akakuna shingo, akawaza: "Mimi napiga kinu kwa sababu dawa sina. Lakini huyu mdogo ni mjanja. Asije akawa nayo ya kweli!" Yeye aliyejua uongo wake, akauamini uongo wa mwenzake.

"Mama Nyamizi," akanong'ona kwenye matete, "sisi ni mafundi. Nichungulie kidogo tu."

"Kuna malipo."

"Sema."

"Bonge la pamba na kibuyu cha mafuta ya samaki. Na unachungulia mara moja."

Ndi! ndi! ndi! Kiboko huyo, akaenda akarudi. Nguchiro akapokea kwa upenyo mdogo.

"Subiri kidogo, fundi, niipange dawa."

Akasokota pamba, akaichovya mafutani, akaishindilia tunduni kwa kijiti, akapigilia kwa jiwe, ti, ti, ti, mpaka ikakaa kimya. Akaongeza nyingine. Akapaka mafuta juu. Akasukuma mashua, ikaelea. Akatazama ndani. Kavu! Ndipo akarudi kinuni, akaendelea na ko! ko! ko! yake, akafungua matete.

"Haya, fundi. Chungulia."

Kiboko akaingiza kichwa. Akaona kinu. Akaona mawe yaliyolowa yamerundikwa kando. Akaona mashua inaelea, na pamba yake mwenyewe inang'aa mafuta.

"Umeona nini, fundi?" umati ukauliza nyuma yake. "Dawa ikoje?"

Angenyamaza, angepona. Lakini pamba ile ilimuuma.

"Tapeli!" akanguruma. "Hana dawa wala nini! Anapiga kinu kitupu! Mashua kailaza majini, mbao zimekunywa zimevimba zimejifunga zenyewe! Hizi kelele zote ni geresha tu, kama za..."

Akafumba mdomo. Mdomo ule, mnaujua ulivyo, ulifungika kwa mshindo.

"Kama za nani, fundi?" Ngiri akauliza.

Kiboko akajifanya anakohoa.

"Fundi," Nguchiro akasema kwa upole, "umejuaje kuwa mashua ikilala majini inajifunga? Mimi imenichukua siku mbili kujua."

Kiboko akatazama kushoto, akatazama kulia. Jasho lilimtoka, lile jekundu.

Nyati, ambaye jambo humfikia pole pole, likamfika. "Ngojeni," akasema. "Ngojeni kwanza. Mihogo yangu... mwaka jana mihogo, mwaka juzi mihogo... na kuanika tunaanika sisi... Kiboko!"

Akainamisha pembe. Lakini yeye na wenzake hawakumgusa Kiboko, waliuendea ule ua wa karakana yake. Kacha! kacha! matete yakalala chini, na mbele ya macho ya wote, dimbwini, mashua ya Ngiri imekaa na mawe yake, na kando yake kinu.

Nguchiro hakwenda kutazama. Alikuwa ameshakiona. Yeye alikuwa anapakia kikapu cha viazi na khanga mpya mbili. Kiboko akamfuata majini, mnyonge, sauti imemwisha.

"Mama Nyamizi, umenimaliza. Nitakula nini sasa?"

"Ufundi unao, fundi. Pamba unayo, mafuta unayo. Yenye tundu la kweli tutakuletea, na tutakulipa. Yenye kiu tutainywesha wenyewe."

Akapiga kasia. Ziwa lilikuwa limetulia. Kila akivuka mkondo anainama kuangalia ile pamba, si kwa hofu, ni kwa kutaka kujua inafanyaje kazi yake. Ilikuwa imebana, kavu, kimya.

Siku ya saba, jua halijachomoza sawasawa, alitia nanga kisiwani. Alisikia sauti ya mwanawe kabla hajafika mlangoni.

"Mama! Mama yangu amekuja? Nani amemvusha?"

"Nimejivusha, mwanangu. Shika mkono wangu. Haya, vuta pumzi."

Na mtoto akashuka kwenye mikono ya bibi yake, wa kike, mdogo kama kiganja, macho yamefumbuka anatazama huku na huku.

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu, nami kasia langu naliweka chini hapa: usimpe mtu shamba lako kwa kazi ambayo hujaichungulia wala kuishika kwa mkono wako mwenyewe.