Mashuka Yaliyopikwa

Mkeka wako, hata ukichakaa, ndio unaokulaza kila siku. Wa mpita njia huondoka na mwenyewe. Wahenga walilijua hilo. Mganga mkuu wa hospitali moja alilipuuza.

Kabla hajaja, chumba cha upasuaji kilikuwa na nguo zake za kitambaa cha kijani: makoti ya madaktari na shuka za kumfunika mgonjwa. Zilifuliwa, zikatiwa viraka, zikapitishwa kwenye mashine ya mvuke kuua vijidudu, zikarudi kazini.

"Hospitali ya kisasa haivai matambara," mganga mkuu alisema. "Tuagize za karatasi. Unavaa, unatupa, basi."

"Bosi, tubakize hata nusu," alisihi sista wa upasuaji.

"Sista, wewe umezoea kufua tu."

Zote zikateketezwa nyuma ya jengo. Za karatasi zikaja kweli, nyepesi kama unyoya, na shimo la kuchomea taka likafurika hadi majirani wakafunga madirisha kuukimbia moshi. Kisha mvua ikakata barabara, mzigo ukakwama. "Kesho utafika," mganga mkuu aliimba kila asubuhi, mpaka rafu zikabaki tupu.

Ndipo akaletwa binti mwenye mimba ya kwanza, uchungu umemkolea, mtoto amelala kingamo tumboni. Alihitaji kisu upesi. Daktari alinawa, akanyoosha mikono. Hapakuwa na cha kumvisha. Sista alitwaa mashuka safi ya wodini, akayachana, akayatia kwenye mvuke huku machozi ya hasira yakimlengalenga.

"Mwanangu anakufa, nyie mnapika mashuka!" mama wa binti alipiga kelele mlangoni.

Hakukosea. Lakini mvuke hauharakishwi.

Binti alipona. Mtoto alitolewa kimya, na kimya kile hakikuvunjika.

Mganga mkuu alikuja kutoa pole, uso umemshuka. "Mama, kazi ya Mungu haina makosa."

Sista akasimama mbele yake, moyo ukimtokota kama chungu. "Usimsingizie Mungu, bosi! Mungu hakuchoma nguo. Mwambie mama huyu nani alizichoma."

Mganga mkuu aligeuka kuelekea mlangoni. Mama wa binti alimkazia macho hadi alipotoka.

Baadaye nguo za kitambaa zilishonwa upya, zikawafaa wengi. Mjukuu wa mama yule alikuwa amekwisha kuzikwa. Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.