Kiatu cha Kushoto

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na huyo anayechungulia saa aiweke mfukoni. Leo nataka kusema juu ya woga.

Kulikuwa na baba mmoja aliyetembelea kiti cha magurudumu. Miguu yake ilikufa polepole, kwa ugonjwa uliomshika pia baba yake mzazi. Nyumbani kwake ugonjwa huo haukutajwa jina. Uliitwa "ile hali" tu. Walikuwa watu wa maombi kama sisi, lakini moyoni waliamini kwamba ukiutaja unauita.

Siku moja wakasikia kuna madaktari wanaotafuta dawa ya ile hali, na utafiti wao umekwama kwa kukosa fedha. Basi familia ikasimama mbele ya usharika ikatangaza: "Kwa siku thelathini, kila asubuhi, tutapanda ngazi za kanisa mara kumi. Nanyi mtuunge mkono." Mnawajua washarika. Huyu akaahidi mkungu wa ndizi upigwe mnada, yule jogoo, bibi mmoja mayai ya wiki nzima.

Ngazi zenyewe zilikuwa mia moja na kumi, kutoka barabarani hadi mlango wa kanisa. Mama alipanda, kaka mkubwa alipanda kwa majigambo, na binti wa miaka ishirini na miwili alipanda wa mwisho. Baba alikaa chini na kopo. Kila mtu akirudi, baba anadondosha punje ya harage ndani.

Sasa niambieni, mtu aliyekaa kwenye kiti chini ya ngazi anaona nini? Nyuso? Anaona viatu! Siku ya sita, baba akaona kiatu cha kushoto cha binti yake kinakwaruza ukingo wa ngazi. Siku ya saba kikakwaruza tena. Akashtuka, maana hivyo hivyo ndivyo yeye alivyoanza.

"Baba watoto, mbona huhesabu?" mkewe akamwuliza.

"Nahesabu," akajibu, na harage lingali mkononi.

Jioni akajikaza. "Mwanangu, hicho kiatu vipi?"

"Cha mtumba, baba. Kimenizidi kidogo."

Binti akacheka. Baba naye akacheka. Tangu siku hiyo aliomba ombi moja tu: "Bwana, iwe ni kiatu." Na kila asubuhi aliogopa kutazama, na akatazama.

Siku ya ishirini na nane, alipodhani wote wamekwenda sokoni, alijisukuma hadi chumbani, akavuta boksi lililokuwa chini ya kitanda. Humo mlikuwa na viatu vya mwisho alivyotembea navyo. Alitaka kuona soli ya kushoto ililika wapi, ajiridhishe kwamba si pale pale. Akafungua. Cha kulia kipo. Cha kushoto hakipo.

"Unatafuta hiki, baba?"

Binti alikuwa mlangoni. Mkono mmoja ameshika kiatu cha baba, mkono wa pili ameshika chake. Soli zote mbili zimelika mbele, chini ya vidole.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Siku ya tatu. Nilikichukua nilinganishe. Nikaogopa kukwambia, baba. Niliona ukijua utasema wewe ndiye uliyenipa ile hali."

"Mimi niliona siku ya sita," baba akasema. "Nikaogopa kukuuliza."

Binti akaketi sakafuni, akaegemea gurudumu, wakalia wote wawili. Wiki iliyofuata walikwenda hospitali pamoja. Waliambiwa nini? Msiniulize, mfano wangu haufiki huko.

Wapendwa, watu hawa walipanda zaidi ya ngazi elfu moja kila asubuhi ili madaktari wa mbali wachunguze ugonjwa. Lakini wao wenyewe, chini ya paa moja, waliogopa kuchunguza kiatu. Kila mmoja alikuwa peke yake na hofu ile ile!

Na sisi je? Tunachangia wagonjwa wa mikoa ambayo hatujawahi kukanyaga, na tunafanya vema. Lakini yule unayekula naye sahani moja, unasikia kinachokwaruza. Unasikia! Mumeo amenyamaza tangu Pasaka. Mtoto wako anavaa mikono mirefu kwenye jua hili. Wewe unasema, "Tumwombee." Mwombee, ndiyo. Umemwuliza?

Msidhani nawasema ninyi tu. Mimi mchungaji wenu nina mtu nyumbani ambaye sijamwuliza. Wiki ya nne hii namtazama akishika ukuta anapotoka jikoni, naye anasema ni sakafu inateleza. Naogopa jibu, ndugu zangu. Naogopa kweli.

Kwa hiyo leo hakutakuwa na matangazo, na sala ya kufunga itakuwa fupi. Nataka niwahi nyumbani. Nanyi wahini.