Shimo la Muhogo la Kwedilanga

Shimo lisilojaa lina mlango. Jana mlimsikia babu yenu akimwambia hivyo fundi wa choo, mkacheka, kisha mkaniuliza shimo na mlango vinakutania wapi. Mimi nilielezwa na shangazi yangu, Bi Mwanjaa, mwaka ule nilioacha shule darasa la nne, tukiwa tunamenya muhogo. Yeye alikuwapo. Methali hii ilianza hivi.

Kijijini Kwedilanga wanawake kumi na mmoja walikuwa na mashine ya kukwangua muhogo mchungu. Kiongozi wao alikuwa Bi Mwajabu, mke wa Mhando. Muhogo ukishakwanguliwa waliutia kwenye viroba, wakavikandamiza kwa mawe, yakachuruzika maji meupe kama tui, yenye harufu kali. Maji hayo yana sumu. Yakimwagikia majani, majani hunyauka. Kuku akiyanywa hafiki jioni. Kwa hiyo Mwajabu hakuyaacha yatiririke ovyo. Alichimba shimo nyuma ya banda, kina cha watu wawili, akalifunika kwa magogo. Kila siku walimwaga humo mapipa manne, na kila asubuhi walilikuta kavu.

Jambo hilo lilimpendeza mno. Wageni wakija, aliyaondoa magogo wachungulie.

"Mwaka wa pili huu, halijajaa hata siku moja. Ardhi yetu ina kiu."

Aliyeanza kulalamika ni Mzee Semng'indo, mtunza kisima. Kisima kilikuwa bondeni, hatua mia mbili kutoka bandani. Mbuzi wake walinusa maji wakageuza shingo. Baadaye watoto watatu wa nyumba za bondeni wakaumwa kichwa na kutapika, mmoja akalazwa zahanati. Semng'indo akaitisha baraza, akataka mashine ifungwe. Ikifungwa, wale wanawake wangerudi kukata kuni porini, kazi waliyoikimbia.

"Mbuzi wako wamedeka, Mzee," Mwajabu alisema mbele ya watu. "Wawekee soda uone kama hawatakunywa."

Watu wakacheka. Semng'indo hakucheka.

"Mbuzi hana ugomvi na mtu, binti yangu. Umemnyima nini hata akusingizie?"

Mwajabu akasimama. "Basi nitatia magunia mawili ya chumvi kwenye shimo langu. Siku ya saba tuonje kisima hapa hapa barazani. Kikiwa na chumvi, nitafunga mashine kwa mkono wangu. Kisipokuwa nayo, Mzee ataniomba radhi, na mbuzi wake wawepo."

Wakakubaliana. Chumvi ikatiwa, na maji ya muhogo yakaendelea kumwagwa juu yake. Wengine waliogopa, wakawa wanateka mtoni, mwendo wa saa nzima. Mwajabu aliendelea kuteka kisimani makusudi, akapita na ndoo yake mbele ya nyumba ya Semng'indo, tena polepole.

Siku ya tano asubuhi, Mhando alikunywa uji funda moja akaweka kikombe chini.

"Mama Zuhura, leo uji umeutia chumvi?"

"Sijatia. Huo ni uji wa sukari."

"Basi sukari ya leo imetoka baharini."

Mwajabu akaonja uji. Akaenda mtungini, akachota maji kwa kata, akaonja tena. Akakaa kwenye kibao.

"Siku ya saba bado," Mhando alisema kwa sauti ya chini. "Huenda mvua ikanyesha ikaiosha chumvi. Nani anayeteka pale zaidi yako?"

Mwajabu akatazama nje. Binti yao Zuhura alikuwa anafagia uwanja, mkono mmoja kiunoni, mimba yake ina miezi sita.

"Huyo anayanywa," alisema, akainuka na kata yake.

Alimkuta Semng'indo akifungua zizi. Hakusubiri kuitikiwa salamu.

"Shikamoo, baba. Onja."

Mzee akaonja, akatema.

"Nikuombe radhi kwa mbuzi mmoja mmoja," Mwajabu aliuliza, "au wote pamoja?"

"Pamoja," Mzee alisema. "Wana safari ya malishoni."

Siku ile ile baraza likakaa. Mwajabu akaufungua mkanda wa mashine kwa mkono wake, akauweka mbele ya wazee. Semng'indo akamrudishia. Alisema mashine haikumkosea mtu. Waliokosea njia ni maji. Kijana mmoja, Kibwana, akapata wazo.

"Tuchimbe shimo jingine mbali zaidi. Ila liwe zuri kama lile, lisilojaa."

"Usinitajie," Mwajabu alisema. "Uzuri huo ndio ulionipumbaza. Nilidhani ardhi inakunywa, kumbe inapitisha. Shimo lisilojaa lina mlango, Kibwana, na mlango wa langu ulifungukia kisimani kwenu."

Hapo wakaweka amri. Mashimo basi. Maji ya muhogo yakae siku tatu kwenye mapipa yaliyo wazi, sumu ipungue. Kisha yamwagwe juu juu shambani, upande wa pili wa kilima, ndoo moja kwa matuta mawili, na kipande kilichonywa kipumzike wiki mbili kabla ya kunyweshwa tena. Masika, udongo ukiwa umeshiba, mashine isimame. Semng'indo akapewa kazi ya kukagua. Kisima kikatekwa kikakauka, kikasafishwa, na hakuna aliyekunywa maji yake mpaka mbuzi walipokubali, nao walichukua masika mawili.

Kesho yake baada ya baraza, wanawake wote walishika majembe wakalifukia shimo. Alasiri lilikuwa limejaa udongo hadi mdomoni, Mwajabu akalikanyagakanyaga. Wenzake wakaondoka, majembe begani, na njiani mmoja akamtania mwenziwe ambaye kila siku alilia kwamba unga haukai nyumbani kwake, na mumewe ana jamaa ng'ambo ya mto.

"Umesikia alivyosema Mwajabu? Shimo lisilojaa lina mlango. Mfuate mumeo uuone."

Wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Mwajabu hakuwasikia. Alikuwa amejilaza mkekani ukumbini, miguu ina udongo, usingizi umekwisha kumchukua.