Waya wa Tano

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kama simu yenye chaji asilimia mbili? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa hata waliolala wameamka.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana sola ilikuwa imeshafika porini, aliishi Bwana Panya na mkewe Bi Panya. Waliishi kwenye shimo refu chini ya kichuguu. Juu ya kichuguu, sola. Ndani, giza. Walikuwa na watoto watano. Wa mwisho alikuwa mdogo kama punje ya kunde, wakamwita Kiduchu.

Panya hulala mchana, mnajua. Usiku ndio huenda kazini. Basi kila jua lilipochomoza, wao walirudi, wakachomeka vitu vyao, wakalala. Simu ya baba. Simu ya mama. Redio. Na tochi ya jirani yao Bi Nungunungu, ambaye hakuwa na sola. Vitu vinne, nyaya nne. Na nyaya zote zilikuwa chini. Zimelaliana, zimesokotana, zimevurugika kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "zikunje hizi nyaya, uzitundike."

"Nikizikunja leo, mama watoto, kesho si nitazikunjua? Hiyo ni kazi mara mbili."

Msinitazame mimi. Najua mnanitazama mimi. Nimelala gesti za Songea, za Kigoma, za Lodwar, na kila gesti nimeacha chaja moja. Na nyumbani kwangu nimewahi kuchaji rimoti ya televisheni siku nzima, nikashangaa mbona haijai. Tuendelee.

Chaja ikikaa sana kwenye umeme hupata joto. Lile fundo la nyaya lilikuwa na joto tamu, kama tumbo la mama kuku. Watoto watano wakapapenda. Wakawa wanalala hapohapo, katikati ya nyaya, chali, mdomo wazi.

Kwenye giza lile paliwaka vijitaa. Nyekundu, bado. Kijani, imejaa. Nyekundu, bado. Kijani, imejaa.

Siku moja, jua la utosi, Bi Panya aliamka na kiu. Akaona vijitaa viwili vya manjano. Viko pamoja. Havipepesi. Akaenda kunywa maji. Akarudi. Vimehamia upande wa pili.

"Baba watoto, sisi tuna kitu gani chenye taa ya manjano?"

"Mmh? Lala."

Nani kasema nyoka? Wewe wa kule nyuma? Mimi sijasema nyoka. Mimi nimesema taa.

Kesho yake redio haikuonekana. Waya upo, redio haipo. Bwana Panya akasema watoto wameichezea. Lakini adhuhuri, nyumba imetulia tuli, Bi Panya akasikia sauti. Sauti ya redio. Iko mbali, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. "... familia ya marehemu inasikitika kutangaza..." Kisha kimya. Akageuza masikio huku, akageuza kule. Sauti ilitoka chini, katikati ya nyaya, karibu na watoto wake.

Hakulala siku ile.

Bi Nungunungu alikuja kuangalia tochi yake. Alipoingia tu, miiba ikamsimama.

"Shoga," akamwambia Bi Panya, "nimekanyaga waya, ukasogea."

"Ni unene wako, shemeji," Bwana Panya akadakia. "Sakafu ndiyo imesogea."

"Cheka tu, shemeji. Mimi mgongo wangu una miiba elfu, lakini naogopa kutia mguu kwenye sakafu yako. Humu ndani mnachaji au mnafuga?"

"Ondoka na tochi yako basi."

"Imejaa?"

"Toka juzi."

"Iache ishibe kabisa. Nina safari kesho." Akatoka haraka, kinyumenyume, akigusa mahali pa kukanyaga.

Bi Panya akainama. Akahesabu nyaya kwa mkia. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Tano.

"Baba watoto, nyaya ni tano."

"Basi tumebarikiwa. Wenzetu wanaibiwa nyaya, sisi tunaongezewa."

Siku iliyofuata Bwana Panya alirudi kutoka kazini amechoka hoi. Macho hayafunguki. Akapapasa chini, akashika ncha ya waya. Akachomeka simu. Ikaingia laini, bila kusukuma. Ikaingia nusu. Ikaingia robo tatu. Akajilaza, akavuta blanketi. Kisha akaketi.

"Mama watoto."

"Nini tena?"

"Kuna chaja inayoingiza simu yote?"

Bi Panya alichukua simu yake, akapiga ya mumewe.

Kriii! Kriii! Ikaita. Iliita ndani ya fundo la nyaya. Na mwanga wake ukaonekana. Haukuwa juu ya waya. Ulikuwa ndani ya waya. Waya mmoja, mnene kidogo kuliko wenzake, ukang'aa kwa ndani kama taa nyuma ya pazia. Wakauona ulivyopita: chini ya waya wa redio, juu ya waya wa tochi, ukawazunguka watoto watano, ukawazunguka tena. Kiduchu alikuwa ameulalia kama mto.

Simu ikanyamaza. Giza.

Jamani, mngefanyaje? Mkipiga kelele, kitaamka. Mkikimbilia watoto, mtakanyaga kipi? Katika fundo lile hakuna aliyejua waya ni upi na kile kingine ni kipi.

Bi Panya alilala kifudifudi. Akatambaa. Hakuwa na panga wala rungu. Alikuwa na meno.

"Waya ukiumwa haulii," akajisemea.

Akashika wa kwanza. Akauma. Nyaku! Kimya. Taa moja ikazimika. Akauma wa pili. Nyaku! Kimya. Wa tatu. Nyaku! Kimya. Wa nne. Nyaku! Kimya. Joto likaanza kutoka nyumbani, polepole, kama linavyotoka kwenye chai.

Akagusa wa tano kwa ncha ya meno. Ulikuwa unapumua.

"Taratibu, Bi Panya," ukasema ule waya.

Macho mawili ya manjano yakainuka gizani.

"Wewe ni nani?"

"Koboko. Mumeo ananijua. Siku kumi na nne ananikanyaga kila asubuhi, hajaniomba radhi hata mara moja. Leo angalau kanilisha."

"Uliingiaje kwangu bila hodi?"

"Nililala tu. Penye wanne waliolala, wa tano haulizwi."

Bi Panya akauliza: "Unataka nini?"

"Joto. Redio yenu niliimeza nikidhani ni mwanao. Ilikuwa na joto lilelile. Na simu nilidhani hivyohivyo. Sasa umekata nyaya zote, na humu ndani limebaki joto la aina moja tu." Pete zake zikajibana kidogo. Mtoto mmoja akakoroma. "Nipe mmoja kwa hiari, niwaachie wanne. Nipe huyu mdogo aliyenilalia."

Hapo ndipo mkono wa Bwana Panya, ukipapasa gizani kwa uoga, ulipogusa kitu. Kirefu. Kigumu. Kina joto kama muhogo uliotoka kwenye majivu. Tochi ya Bi Nungunungu, iliyoshiba toka juzi. Akaokota kitambaa cha Kiduchu, kinanuka maziwa na mkojo, akaiviringisha.

"Mwache mama yake asitoe," akasema. "Mimi ndiye niliyekukaribisha. Nitamtoa mimi. Huyo mdogo hashibishi, chukua mkubwa wao. Huyu hapa."

Ulimi ukatoka, ukanusa. Ssss. "Mbona halii?"

"Amelala."

"Mbona mgumu?"

"Amejikaza. Anaota ndoto mbaya."

"Ana joto sana huyu."

"Ana homa, mzee. Mle kabla hajapoa."

Koboko akafungua kinywa. Gulu! Tochi ikaingia. Ikapita kooni, ikafika shingoni, ikakaa. Koboko akataka kugeuza kichwa, shingo ikakataa. Akataka kujikunja, shingo ikakataa. Ilikuwa imenyooka kama mwiko.

"Huyu si mtoto," akasema kwa taabu.

Bi Panya aliingia ndani ya zile pete. Akambeba wa kwanza kwa mdomo, akampitisha mbele ya macho yale ya manjano. Akarudi. Wa pili. Akarudi. Wa tatu. Akarudi. Wa nne. Macho yaliwatazama wote wakipita, mmoja mmoja, hayapepesi, kama yanawakariri majina. Mwisho akainua kichwa cha Kiduchu juu ya ngozi ile baridi, taratibu, kama mama anavyotoa mto chini ya mtoto. Kiduchu akapiga miayo. Hakuamka.

Wakatoka. Hawakuchukua hata kijiko. Shimo la panya lina kona nyingi, na mwenye tochi shingoni hapiti kona. Koboko akabaki mlemle.

Jioni ileile Bi Nungunungu akapiga simu ya Bwana Panya kuulizia tochi yake. Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Haloo, shemeji? Imejaa?"

Akasikia pumzi tu. Ssss.

Bi Nungunungu akakata simu. Hakuulizia tochi tena maisha yake yote.

Na tangu siku hiyo, panya akikuta waya umelala sakafuni, haupiti hivihivi. Anauuma. Watu husema panya ni mharibifu, na mimi nimemtukana sana, maana chaja zangu zote amezitia meno. Kumbe anauliza swali. Anauma, anatega sikio: utalia, hautalia? Kwa hiyo asubuhi ukikuta waya wako umetafunwa, usilaani. Shukuru kwamba ulikuwa waya.

Funzo lake ni hili, wakubwa na watoto: kitu kikijaa, kichomoe, waya ukimaliza kazi, ukunje, uutundike juu. Fujo unayoizoea ndiyo nyumba anayoitafuta adui yako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mnaokwenda kulala, angalieni mnapokanyaga.