Mstari Haukupanda

Wapendwa, kaeni. Kwaya nanyi kaeni, mmeimba hadi mabati yakaitika. Leo nina habari ya redio, na nawaonya mapema: mimi mwenyewe nilipoisikia mara ya kwanza sikuielewa, kwa hiyo atakayechanganyikiwa asione haya. Aliyechanganyikiwa kuliko sote ni yule fundi.

Kulikuwa na fundi mmoja wa redio. Alihudumia zahanati iliyoko mlimani, upande ule ambako ukungu unaingia hadi jikoni, na simu ya mkononi kazi yake ni kuangalizia saa. Mtandao haufiki. Ukitaka gari la wagonjwa kutoka hospitali ya bondeni, njia ni redio ya upepo: unabonyeza, unaita, unajibiwa. Antena ilikuwa juu ya mlingoti, kilimani nyuma ya zahanati. Kutoka huko juu uliteremka waya mrefu mnene, ukakatiza shamba la viazi, ukaingia chumbani kwa nesi.

Sasa, pale zahanati kulikuwa na mama mjamzito. Uzazi wake wa kwanza alipasuliwa, na nesi alimweleza bila kumficha: "Mama, wewe hapa huzai. Uchungu ukianza tu, naita gari." Mama akahamia chumba cha kungojea pamoja na mumewe, na kikapu chake, na kanga zake, akangoja. Maana yake nini? Roho mbili zilikuwa zinategemea ule waya.

Nesi akaona ajaribu redio kabla ya siku kufika. Akaita. Kimya, mvumo tu. Akaita tena. Mvumo. Akaagiza fundi aitwe.

Fundi akaja na kimashine chake. Kinakaa kiganjani, kina kioo kidogo, na yeye alikiita analaiza, kwa sauti ile ile ambayo wengine wetu tunataja jina la mtoto aliyefaulu. Kazi yake ni kupima antena. Nitawaeleza nilivyoelezwa. Mnajua kumimina mafuta ya taa kwenye chupa? Mdomo wa chupa ukiwa mwembamba na wewe unamimina kwa nguvu, yanarudi, yanakulowesha miguu. Redio nayo inamimina nguvu zake kwenye antena, na midomo yao isipolingana, nguvu zinarudi. Kwa hiyo kule juu ya mlingoti wanaweka transfoma. Usifikirie ile ya umeme barabarani inayolipuka kila mvua ikinyesha! Hii ni ndogo, inatosha kwenye kopo la maziwa, na kazi yake ni ya faneli: kulinganisha midomo. Kimashine kinapima kile kinachorudi. Mstari ukipanda kwenye kioo, mambo yanarudi, kuna ubaya. Mstari ukilala chini, hakuna kinachorudi. Mmenielewa? Mzee Mwakibete anatikisa kichwa. Vumilia, mzee wangu, mbele kuna mwanga.

Fundi akachomeka waya kwenye kimashine, akatazama, akatabasamu.

"Sista, antena yako haina ugonjwa wowote. Tazama mstari ulivyolala."

"Basi mbona hawanijibu?"

"Labda redio yao ndiyo mbovu."

"Fundi, hospitali nzima?"

"Sista, mimi naamini kipimo. Kipimo hakina mjomba."

Akaondoka. Nesi akaita tena, akapata mvumo. Akamrudisha. Jamaa akaanza kupekua. Akapima redio: nzima. Akapanda mlingoti, akafungua transfoma, akaipima peke yake: nzima. Akasafisha, akarudisha, akashuka, akapima kutoka chumbani: mstari umelala chini, kutoka ukingo huu wa kioo hadi ule. Kila kitu kizima, na hakuna anayesikia! Mwanamume akakaa kwenye benchi la wagonjwa akashika kichwa, hata mtu mmoja akamuuliza kama ni malaria.

Na kilichozidi kumchanganya ni hiki. Tangu masika yaanze, kipimo kilikuwa kinazidi kupendeza. Mvua ikinyesha, mstari unashuka zaidi. Yeye aliona ni baraka. Jumapili moja hata alisimama kanisani wakati wa shukrani, akatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi. Ni nani angemlaumu? Je, wewe daktari akikuambia kila mwezi kwamba damu yako ni nzuri kuliko mwezi uliopita, utamwuliza kwa nini?

Basi asubuhi moja, fundi akiwa palepale anapima tena kwa ukaidi, mlango ukafunguliwa. Ni mume wa yule mama.

"Sista, njoo. Ameanza."

Nesi akaenda, akamtazama mama, akarudi na uso mwingine. Akabonyeza redio, akaita, akaita. Mvumo. Akamgeukia fundi, na wapendwa, hakupiga kelele. Alisema polepole: "Baba, kimashine chako kinaniambia nini nimwambie yule mama?"

Fundi akavaa mkoba wake begani. Aliogopa. Akachomeka waya kwenye kimashine, akakiacha mezani, akasema, "Napanda juu nichomoe antena yote, tuanze upya. Wewe tazama kioo. Nikiichomoa utaona mstari umeruka juu mpaka kwenye paa la kioo, kwa sababu mwisho wa waya utakuwa mtupu na nguvu zote zitarudi. Ukiruka, niambie."

Akakimbia kilimani, akapanda. Mume wa mama akasimama katikati ya shamba la viazi kupitisha sauti.

"Nimechomoa!" fundi akapaza sauti. "Mstari umepanda?"

"Anasema haujapanda!"

"Atazame vizuri!"

"Anasema ametazama! Uko chini palepale! Anasema mashine inasema antena ni nzuri!"

Wapendwa, antena alikuwa ameishika mkononi.

Hebu mfikirie mtu huyo, juu ya mlingoti, kwenye ukungu, antena mkononi, na chini kipimo kinamsifia antena isiyokuwepo. Alilia, mimi nimeambiwa alilia, halafu akacheka, halafu akaelewa. Akashuka, akachomoa kisu, akaukata waya pale chini ya mlingoti. Maji yakatoka. Maji meusi. Nyuzi za ndani zilikuwa zimeota kijani. Kule juu kwenye kiungo, yeye mwenyewe siku ya kuufunga ule waya alizungushia mfuko wa plastiki na utepe, akasema inatosha. Mvua ikapenya, ikateremka ndani ya waya, na kila nguvu iliyotoka kwa nesi ikazama njiani. Haikufika juu. Ndiyo maana haikurudi. Chupa ilikuwa haina kitako! Utamimina debe zima na miguu yako itabaki mikavu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na cha huyu alikifunga kwa mikono yake.

Akaita, "Leteni redio! Leteni betri!" Mume akabeba betri begani, nesi akabeba redio kifuani, wakaipandisha kilimani. Fundi akarudisha antena, akaunga redio kwa kipande kifupi cha waya mkavu kutoka kwenye mkoba wake. Nesi akapiga magoti kwenye matope, akabonyeza.

Sauti ikajibu papo hapo, safi kabisa: "Zahanati! Zahanati, ni ninyi? Mko hai? Tunawaita kila asubuhi tangu masika yaanze. Tulidhani mmefunga."

Gari likaja. Mama akafika hospitali, akapasuliwa, akapata mtoto wa kike, wote wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini kulikuwa na mama mwingine kabla yake, masika yaleyale, aliyeletwa siku zile fundi bado anapekua, wakati mstari umelala vizuri kuliko siku zote. Nesi alimwitia gari mpaka sauti ikakauka. Huyo hakufika.

Sasa tuje kwetu sisi. Mimi nasimama hapa kila Jumapili, namimina. Nasema tusameheane, mnasema Amina. Nasema tuwaangalie wajane, mnasema Amina, na akina mama wa kwaya mnapiga vigelegele. Hakuna anayebisha. Hakuna kinachorudi. Naenda nyumbani nakula wali kwa raha, kipimo changu kizuri! Lakini je, neno linafika mwisho wa waya? Au linaingia masikioni, linapita mlangoni, na kabla ya kufika kwa jirani limezama kwenye maji yetu meusi, kwenye kinyongo kile tulichokifunga kwa utepe tukasema inatosha?

Wapendwa, tujipime kama fundi alivyopima bila kutaka. Tukichomolewa leo, kanisa hili lote, benchi na ngoma na mchungaji wake, je, mtaa huu utaruka? Kuna mtu kule nje atashtuka kwamba kuna kitu kimekatika? Au mstari utabaki palepale?

Yule mama wa nyumba ya mwisho, jirani na mashine ya kusaga, hajaonekana hapa tangu amzike mumewe. Tumesema amenyamaza. Tumesema labda imani yake imepoa, labda redio yake ndiyo mbovu. Na kama yeye anatuita kila asubuhi? Na kama yeye ndiye anayesema, nilidhani wamefunga?

Leo nawaomba kitu kimoja kigumu. Msiseme Amina. Nasema msiseme! Tokeni kimya, shukeni njia ya mashine ya kusaga, mkabishe hodi kwenye ule mlango. Mimi natangulia.