Nusu ya Ngitili Aliyoilima Maduhu

“Mvua huamsha mzizi kabla ya jani,” babu Maduhu alituambia, nasi tukamwuliza methali hiyo imetoka wapi. Bibi Nyanzobe akauweka chini ungo wake wa choroko. “Nyamaza wewe, nitasema mimi,” akamwambia babu. Kisha akatugeukia. “Ilianza hivi.

“Tulikuwa na ngitili, malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili ng’ombe wapate majani kiangazi. Ukame ulikuwa umetupiga miaka miwili. Mvua ya kwanza iliponyesha, majani yakachipua ya njano. Babu yenu akatazama siku tatu. Tatu tu! Akasema ardhi imekufa, akawafunga maksai plau ili apande mtama.

“Nikang’oa shina moja. Udongo ulikuwa umeshika mizizi kama unga kwenye vidole vilivyolowa.

“‘Baba Limi,’ nikamwambia, ‘bwana shamba alitueleza. Humu mna vijidudu visivyoonekana. Vinachukua naitrojeni hewani, vinaulisha mzizi. Ukame umevilaza, na mvua moja haitoshi kuviamsha. Subiri wiki mbili, nakusihi.’

“‘Na hivyo vijidudu vyako vinakamuliwa?’

“Sikio la kufa halisikii dawa. Akalima nusu. Kwenye nusu ya pili nilikaa mbele ya maksai, mama yenu Limi mgongoni. Maksai wakasimama, yeye asingesimama.

“Ikaja mvua ya pili, na ya tatu. Upande wangu majani yakakoza kijani. Upande wake udongo, uliokosa mizizi ya kuushika, ukatiririkia korongoni pamoja na mtama wake.

“Kiangazi kilipofika, nusu ile haikutosha. Sabo, ng’ombe wetu pekee wa maziwa, akakauka, na ndama wake akafa. Babu yenu akanijia na kamba tupu mkononi.

“‘Mama Limi, ningesubiri wiki mbili tu.’

“‘Mvua huamsha mzizi kabla ya jani,’ nikamjibu. Nilikuwa na hasira, sikuwa natunga methali! Tangu hapo anaisema harusini, anaisema hata msibani, miaka arobaini sasa, na hajasema hata mara moja aliisikia wapi. Haya, Maduhu, wajukuu wako hawa. Waambie.”

Babu aliutazama ungo.

“Ndama alikuwa jike,” akasema. “Leo tungekuwa na zizi zima. Mvua huamsha mzizi kabla ya jani, wanangu. Alisema bibi yenu.”