Mama Pimbi na Nyumba ya Gogo Moja

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya wagonjwa? Paukwa!"

"Pakawa!"

Haya, angalau. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kukoka moto kama sisi, palikuwa na mlima wa mawe. Huko juu kipupwe kikiingia, maji yaliganda mtungini. Na huko juu mti haukuota. Kuni zote zilikuwa bondeni, na njia ya kwenda bondeni ilikuwa moja tu. Kwenye njia hiyo alikaa Chui.

Wakati wa kipupwe Chui hakuwa na haja ya kuwinda. Alilala kando ya njia akawasubiri wenye baridi, maana mwenye baridi hana budi kutoka. Siku nyingine aliwaacha wapite na mizigo yao, wapate kuzoea. Siku nyingine hakuwaacha.

Mlimani hapo aliishi Mama Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo, mkia hana, na baridi ndiyo adui yake wa kwanza. Kipupwe kimoja mumewe alikwenda kuni. Kilichookotwa ni kamba yake ya kufungia mzigo. Mama Pimbi akabaki na watoto watatu, na kitinda mimba, Kajojo, alikuwa na kifua kibovu. Usiku bila moto, Kajojo asingeiona asubuhi.

Basi kipupwe kile Mama Pimbi alikwenda kuni yeye mwenyewe. Safari ya kwanza aliona nyayo za Chui. Safari ya pili aliona mkia wake. Safari ya tatu aliyaona macho yake, akautupa mzigo, akakimbia roho mkononi mpaka kwake. Akakaa kitako akalia.

"Nikienda tena, hawa watakuwa yatima kamili," alisema. "Nisipoenda, namzika Kajojo. Sasa nifanyeje?"

Wakapona kwa shida, wakilala wamerundikana, mpaka kipupwe kikaisha. Asubuhi moja, baridi ikiwa bado ya kumalizia, Mama Pimbi alipita penye kichuguu cha mchwa akajiegemeza apumzike. Akashtuka. Kichuguu kilikuwa na joto! Mchana, jua lilipokuwa kali, akarudi akakigusa tena. Ndani ya tundu lake mlikuwa mkitoka hewa baridi.

"Hodi, Bibi Mchwa."

"Karibu, mwanangu. Ila usiingie, hutaenea."

"Shikamoo. Nina swali moja tu. Kuni zako unazitoa wapi?"

"Marahaba. Kuni?" Bibi Mchwa akacheka. "Tangu nizaliwe sijawahi kukoka moto. Mie na moto wapi na wapi!"

Mama Pimbi akamweleza yote: mume, kamba, Kajojo, macho ya Chui. Bibi Mchwa alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema:

"Nyinyi mnajenga ukuta wa fito na nyasi, halafu mnakoka moto mkubwa kuupasha mlima joto. Jenga ukuta mnene, upana wa pimbi wawili waliolala kichwa kwa miguu. Jua litauchoma mchana, nao utakupa joto hilo usiku. Mlango uwe mdogo, utazame jua linakochomoza. Na juu uache tundu la kupumulia. Hilo tundu usicheze nalo. Mtu huvaa nguo nzito, lakini pua haizibi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo. Ila yana jasho, mwanangu. Nisikudanganye."

Na kweli yalikuwa na jasho. Kiangazi kilipoingia, wenzake walilala juu ya mawe wakiota jua na kutafuna majani. Mama Pimbi alichimba udongo. Alibeba udongo. Alikanyaga udongo, na watoto nyuma yake, wakiimba:

*Kanyaga, kanyaga,*
*udongo kanyaga,*
*mwenye ukuta mwembamba*
*Chui humbwaga!*

Jirani yake alikuwa Nyani. Nyani alikuwa na nyumba ya fito, madirisha manne, na mlango ambao ndovu angepita bila kuinama. Aliipenda sana, maana kila aliyepita aliisifu. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo Mama Pimbi alimwendea kuomba msaada.

"Shemeji, njoo unisaidie kukanyaga."

"Leo mgongo unaniuma, shemeji."

Akamwendea tena.

"Leo nina wageni, shemeji."

Akamwendea mara ya tatu. Nyani akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Nikwambie kweli? Ile si nyumba, ni kaburi lenye mlango. Wewe unajizika mapema una haraka ya nini? Kuni zipo. Kipupwe kikija tutakwenda kuni, kama walivyokwenda babu zetu."

"Babu zetu wangapi walirudi?" Mama Pimbi akauliza. Nyani akampa mgongo, akaingia ndani.

Ukuta ulipofika kifuani ukapasuka, kuanzia juu hadi chini. Watoto wakalia. Mama Pimbi hakulia, alikasirika. Akaenda kwa Bibi Mchwa mbio.

"Umepasuka!"

"Ulichanganya nyasi?"

"Hukuniambia nichanganye nyasi!"

"Hukuniuliza," alisema Bibi Mchwa. Ndivyo walivyo mafundi.

Mama Pimbi akabomoa, akakatakata nyasi, akachanganya, akaanza upya. Alikonda. Manyoya yalimtoka magotini. Majani mazuri yote ya kiangazi kile yaliliwa na wengine. Kila mtu alimwonea huruma, na hakuna aliyeleta hata kata ya maji. Lakini alipiga moyo konde, na kabla ya masika kuingia alikuwa ameezeka. Na kwa kuwa kiangazi Chui hushinda mtoni, alishuka bondeni akabeba magogo yake machache, akayapanga ndani; nyumba ya fito ingetaka msitu mzima.

Masika yakapita. Kipupwe kikaja, na safari hii kilikuja na hasira.

Kwa Mama Pimbi, gogo moja lilitosha jioni hadi alfajiri. Gogo moja! Ukuta ulikuwa vuguvugu, na Kajojo alilala kwa amani akikoroma. Kwa Nyani, mzigo mzima uliungua jioni moja, na bado alilala amejikunyata huku meno yakigongana.

Chui alikaa njiani. Wengine walipita, Mama Pimbi hakupita. Akangoja. Hakupita. Chui akaona ajabu, maana yeye hula kwa shida ya mwenzake, na shida yenyewe haionekani. Akapanda mlima kwenda kutazama.

Jioni ya kwanza alikuja na mzigo wa kuni kavu, akautua mlangoni.

"Dada yangu, baridi ya leo si mchezo. Nimekuletea kuni za bure. Toka uchukue."

"Asante, kaka. Kuni ninazo."

"Za bure hizi!"

"Nami nimeshiba joto bure. Kwaheri."

Chui akaondoka na mzigo wake mabegani, mkia chini.

Jioni ya pili alikuja mikono mitupu, na sauti imelainika.

"Dada yangu, jana nilipita juu ya paa lako nikaona joto linatoka kwenye tundu, linapotea hivi hivi. Jasho lako lote lile! Ukiliziba, hata hilo gogo moja litakuwa nusu gogo."

Sasa hapo, jamani, Chui alimpata. Mama Pimbi mwenyewe kila jioni alikuwa akilitazama lile tundu akisononeka. Uongo unaoingia upesi ni ule unaokuta mwenye nyumba ameshaanza kuuwaza. Akachukua nyasi, akapanda juu ya magogo humo ndani, akaziba.

Nje, Chui akalala mbele ya mlango akakenua meno. Alijua kitakachotokea.

Moshi ukaanza kushuka. Watoto wakubwa wawili wakakohoa. Kajojo naye akakohoa, kisha akaacha kukohoa, na hapo ndipo mama yake aliposhtuka. Alimtikisa, kichwa kikaning'inia.

"Mama, fungua mlango! Mama, tunakufa!"

Mama Pimbi akakimbilia komeo, akalishika. Akasikia pumzi nzito upande wa pili. Akajua. Akifungua, wataliwa, asipofungua, wataishiwa pumzi. Akaliachia komeo, akachukua mchi, akapanda juu ya magogo huku machozi yakimtiririka, akasukuma ile nyasi kwa nguvu zake zote. Mara ya kwanza ikagoma. Mara ya pili ikagoma. Mara ya tatu ikaruka nje, na moshi ukaifuata.

Kajojo akapiga chafya.

Mama Pimbi alimkumbatia akalia kwa sauti, hakujali nani anasikia. "Mjinga mimi," alisema. "Niliambiwa nisicheze nalo, nikamsikiliza anayetaka kunila."

Jioni ya tatu Chui hakuja kwake. Alichukua ule mzigo wake wa kuni kavu akaupeleka kwa Nyani.

"Kaka Nyani, kuni za bure hizi."

Nyani hakuuliza za nini wala za nani. Mwenye kutetemeka haulizi. Akatoka na mikono miwili mbele. Chui akaruka, akakosa shingo, akapata manyoya ya mgongoni. Nyani akarudi ndani, Chui akaingia naye, maana mlango ule uliwaenea wote wawili na nafasi ikabaki. Nyani akatokea dirishani, Chui akatokea dirisha la pili. Nyani akakimbia kwa Mama Pimbi akigonga kwa mikono na miguu.

"Shemeji! Shemeji, nifungulie!"

Mama Pimbi akalishika komeo. Alikumbuka kaburi lenye mlango. Alikumbuka magoti yake. Kisha akafungua.

Nyani alijikunja akaingia. Chui naye akaingiza kichwa, mabega yakakwama. Mlango ulikuwa mdogo, na ukuta haukutikisika. Mama Pimbi akalitwaa gogo lake la jioni ile, likiwa linawaka, akamsukumia puani. Chui alipiga kelele iliyosikika mpaka bondeni, akajichomoa, akatimka na gogo likabingirika nyuma yake mpaka likazimikia kwenye baridi nje.

Komeo likarudishwa. Ndani mkawa giza. Magogo yaliyobaki yalikuwepo, lakini moto haukuwepo, na wa Nyani haukuwa wa kwenda kuombwa.

"Tutakufa kwa baridi," alisema Nyani akitetemeka.

"Lala," alisema Mama Pimbi.

Wakalala bila moto. Alfajiri Nyani aliamka, akashangaa kuwa hatetemeki. Akamtazama Kajojo: amelala chali, tumbo linapanda na kushuka, kifua kimetulia. Nyani akaweka kiganja chake ukutani, akakiacha pale muda mrefu.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "bado kuna joto la jua la jana."

"Lipo."

"Nami nilikuwa nacheka." Akainamisha kichwa. "Tungejenga hivi mapema, marehemu angekuwa hai."

Mama Pimbi alimfunika Kajojo vizuri.

Kiangazi kilichofuata Nyani alikuwa wa kwanza kuingia udongoni, na wengine wakafuata, mlima mzima. Kipupwe kikaja, Chui akakaa njiani na pua yake yenye kovu. Akangoja. Njia ikaota majani. Alipoona mbavu zake mwenyewe zinahesabika, akahama nchi ile, na hakuna aliyemsindikiza.

Ndiyo maana wazee husema: nyumba njema hukutoa jasho mara moja, nyumba mbovu hukutoa jasho kila siku. Na aishiye kwa shida yako hatakufundisha kuimaliza. Akikushauri, angalia kwanza amelala wapi.

Hadithi yangu nimeijenga, nimeiezeka, na mlango nimeufunga. Aliyesikia aende nayo kwake. Aliyesinzia, kesho amuulize jirani.